Ruhusa ya Siku Ile

Mfikirie mwanamke anayefika kwenye mlango ambao hajakaribishwa kwa miaka miwili. Amepanda kijia mbiombio, theluji inamfika magotini, begi jekundu mgongoni ni pana kuliko mabega yake, na pumzi zinamtoka kwa mafungu kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Mtu mwingine angejitoma ndani kwa kelele, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Yeye kasimama langoni. Anatazama juu ya paa kama kuna theluji inayoning'inia. Anatazama ngazi iliyolala chini. Anamtazama mbwa kama kafungwa. Anavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Kisha anatoa glavu mfukoni, anavaa moja moja bila haraka, ndipo anaingia.

Huyo ndiye Savrimo. Na pale uani, ameegemea ukuta wa mawe chini ya paa lililokwishaondolewa theluji nusu, kaketi Bi Gulandom, miaka sitini na minane, ameukumbatia mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili. Alipanda kusukuma theluji, ngazi ikateleza, akashuka pamoja na sepetu lake, na sepetu likamtangulia. Limemfungua mguu nyuma, chini ya goti. Theluji iliyo kando yake inageuka rangi.

Savrimo akapiga goti hatua mbili kutoka kwake. Hakumgusa.

"Mama," akasema, "naitwa Savrimo. Nimefunzwa huduma ya kwanza. Naruhusiwa nikusaidie?"

Kijiji cha Shorvdara kina nyumba thelathini na nne. Bi Gulandom huyu ndiye aliyemfunga Savrimo kamba ya kitovu siku alipozaliwa. Jina lake alilijua kabla mwenyewe hajalijua.

"Sikuruhusu," akasema.

Sasa ngoja kidogo. Najua damu inatoka na si adabu kumwacha mtu uani na damu inatoka, lakini usipojua yaliyowafikisha wale wawili pale, utadhani ni kiburi cha kizee tu. Nitakwenda haraka.

Savrimo hakuitafuta kazi hii. Miaka mitano nyuma watu wa shirika moja walileta kontena la chuma la rangi ya buluu, wakalitua kando ya shule, wakajaza machela, mablanketi, kamba, sepetu, redio ya mawasiliano. Bonde letu likifungwa na theluji, gari haliingii wiki mbili, wiki tatu, na mtu akivunjika anavunjika pamoja na sisi wote. Wakataka watu kumi wa kufunzwa. Mwenyekiti Davlatmir akapita nyumba kwa nyumba. Wanaume wenye nguvu walikuwa Moscow, wanapaka lipu nyumba za watu. Waliobaki walikuwa wazee na wanawake, na kati ya wanawake nani hana mtoto mgongoni? Savrimo. Binti yake ameolewa mjini Khorog. Mumewe, Shodmon, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha kila Navruz, mwaka mpya wetu wa mwezi wa tatu. Na nyumba yake ndiyo iliyo jirani na kontena.

"Wewe utashika ufunguo," Davlatmir akamwambia.

"Mimi? Nikiona kuku anachinjwa nageuza uso."

"Geuza uso, ufunguo shika."

Mafunzo yalikuwa siku tano, darasani, jiko la samadi likifuka katikati. Mwalimu aliitwa Ozodbek, kijana mnene wa mjini mwenye soksi iliyotoboka kidole gumba, na kwa tundu lile wanawake walimpenda tangu siku ya kwanza. Alileta mwanasesere wa plastiki wa kujifunzia kusukuma kifua: kichwa, kifua, basi. Hana mikono, hana miguu. Mehrofza, mkaza mwana wa Bi Gulandom na shoga mkubwa wa Savrimo, alipomwona tu akapiga kofi.

"Jamani, mume wa Savrimo karudi! Mdomo upo, mkono wa kutuma pesa haupo!"

Walicheka mpaka Ozodbek akavua miwani akaifuta. Mehrofza mwenyewe hakumaliza hata asubuhi ile. Ilipofika picha ya jeraha alizimia, wote wakapata mtu wa kumfanyia mazoezi, na baada ya hapo akawa anakuja saa ya chai tu.

Savrimo alimaliza. Aliandika kila neno kwenye daftari la hesabu la bintiye. Kwanza simama, tazama, sikiliza: mahali pana usalama? Mwokozi akifa haokoi mtu, anaongeza maiti. Pili, glavu. Tatu, jitaje jina na uombe ruhusa. Mtu mwenye fahamu zake mwili ni wake, akikataa amekataa. Asiye na fahamu anahesabiwa amekubali. Kisha pumzi, kisha damu, kisha baridi. Usimpe mtu ahadi usiyoweza kuitimiza. Uliyoyaona nyumbani kwa mtu usiyatoe nje. Ukishaanza kumhudumia usimwache mpaka umkabidhi kwa anayejua zaidi yako. Ukishamkabidhi, rudi nyuma.

Lile la kuomba ruhusa liliwachekesha wanawake kuliko mwanasesere.

"Nimwambie naitwa nani?" Mehrofza aliuliza, chai mkononi. "Mimi hapa kila mtu ananijua mpaka deni la chumvi. Nikimwambia mama mkwe 'naitwa Mehrofza', atadhani nimerukwa na akili."

"Mwambie hivyo hivyo," alisema Ozodbek. "Si kwa ajili ya kujulikana. Ni ili ajue kwamba anaulizwa."

Savrimo alilipigia mstari.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri. Alifunga vidole vilivyopigwa shoka, alimtoa mtoto mbegu ya aprikoti kooni, alimlaza Davlatmir mwenyewe ubavu siku alipokunywa kupita kiasi kwenye harusi. Akipita njiani watu walimwita ndani. Na kila alipoingia, alipewa mkono. Kwetu watu wakikutana hushikana mkono wa kulia na kila mmoja akaubusu wa mwenzake, kwa mpigo mmoja, vichwa vikikaribiana. Mdogo kwa mkubwa, mwanamke kwa mwanamume, hakuna aliye juu. Kufanya hivyo mara thelathini kwa siku ni kama kupumua; hujui kuwa unafanya.

Sasa, siku ile.

Ilikuwa mwanzo wa Machi, msaragambo wa kusafisha mfereji. Maji yetu yanatoka mbali, yanapita ubavuni mwa jabali kwenye mfereji ambao mababu waliuchonga wakiwa wamening'inizwa kwa kamba. Kila mwaka kabla ya Navruz kijiji kizima hutoka na masepetu kuondoa mawe ya kipupwe. Walikuwa wamesambaa kama shanga kwenye ubavu ule, wanaimba, wanatupiana theluji, jabali lilipokohoa. Ndivyo walivyosema wote baadaye: lilikohoa. Yakashuka mawe. Wanne waliumia upande wa huku. Mmoja alikuwa ng'ambo, chini kabisa ya jabali, amebanwa kuanzia kiunoni: Imomnazar, mtoto wa mwisho wa Bi Gulandom, miaka ishirini na miwili, aliyekuwa ameshakata tiketi ya kwenda Moscow.

Alikuwa anaita, "Mama!"

Watu wakataka kukimbia. Savrimo akapuliza filimbi, akasimama kwenye kijia chembamba, akatandaza mikono. Vijiwe vilikuwa bado vinadondoka, kimoja hapa, kimoja pale, kama mtu anayetema mbegu. Juu ya kijia kulikuwa na bamba kubwa la mwamba lililopasuka, na jua lilikuwa limeshaanza kuyeyusha barafu ya ule ufa.

"Hakuna anayepita! Mpaka litulie!"

Wazee wawili waliofunzwa pamoja naye wakasimama. Wengine wakasimama kwa sababu wale wamesimama. Bi Gulandom hakusimama. Alikuja kama mto wa mwezi wa sita, theluji inapoyeyuka. Savrimo alimkumbatia kwa mikono miwili, akamkalisha chini kwa uzito wake wote, na akamshika hapo. Mama akampiga, akamvuta nywele, akamuuma mkono. Savrimo hakuachia. Macho yake yalikuwa kwenye jabali na kwenye saa ya mkononi.

Dakika kumi na moja. Imomnazar aliacha kuita dakika ya nane.

Walipofika kwake alikuwa hana pumzi. Savrimo alisukuma kifua kile mpaka mikono ikafa ganzi.

Na lile bamba? Ungependa nikwambie kwamba liliporomoka, likafukia kijia chote, watu wakaona kwamba aliwaokoa. Hata yeye angependa. Halikuporomoka. Liko pale mpaka leo. Mbuzi hulala chini yake. Daktari wa mjini aliuchunguza mwili akasema kijana asingepona hata kama wangemfikia papo hapo, lakini watu walisema madaktari ndivyo wanavyosemaga, wangesema nini kingine?

Hakuna aliyemtukana Savrimo. Afadhali wangemtukana. Siku ya tatu ya msiba, taa ya marehemu ilipowashwa kama ilivyo ada yetu, alikwenda, akavua viatu, akamwendea Bi Gulandom, akanyoosha mkono. Bi Gulandom aliutazama ule mkono. Kisha akaweka wake kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Ni salamu pia, ya heshima kabisa. Watu wenye mafua huamkiana hivyo, na wenye mikono michafu. Huwezi kumshitaki mtu kwa salamu ile. Lakini waliokaa nyuma yake waliona. Mwanamke wa pili akaweka mkono kifuani, wa tatu naye, mpaka mlangoni. Na tangu siku ile Shorvdara nzima ikawa na mafua kwa Savrimo.

Miaka miwili, msomaji wangu. Alirudisha ufunguo kwa Davlatmir.

"Nimpe nani?" mwenyekiti akasema, mkono wake kifuani. "Kaa nao."

Akakaa nao. Kila Jumamosi alifungua kontena, akahesabu bendeji, akatazama tarehe za dawa, akakunjua machela akaikunja tena. Kila Jumapili asubuhi aliwasha redio, na sauti ya mwanamume wa kituo cha mjini, ambaye hakuwahi kumwona uso, ikamuuliza yaleyale.

"Shorvdara. Barabara?"

"Imefungwa."

"Theluji?"

"Magotini."

"Watu?"

"Wazima."

"Haya, Shorvdara. Mwisho."

Alikuwa akijitahidi kuirefusha. Angesema, "Theluji magotini, ila upande wa mtoni ni hadi mapajani, na jana kulikuwa na upepo." Sauti ingesema, "Sawa, Shorvdara. Mwisho." Kwenye ile orodha ya maswali hakukuwa na swali la kumhusu anayejibu.

Na mwanasesere alimhamishia nyumbani, kwa sababu plastiki hupasuka kwa baridi. Alimkalisha kwenye jukwaa la kulalia, karibu na nguzo, akamfunika shali. Watoto waliochungulia walieneza kwamba Savrimo humimina chai mabakuli mawili. Si kweli. Alimimina bakuli moja. Ila ni kweli kwamba asubuhi moja, akiwa anachovya mkate kwenye chai ya maziwa na chumvi, alijisikia anasema kwa sauti, "Siagi imekwisha," na akageuka kuona kama amesikiwa.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo asubuhi ile Mehrofza alipokuja kugonga, wa kwanza kugonga mlango ule tangu mavuno, hana kitambaa kichwani, hana viatu, soksi za sufu tu.

"Savrimo! Mama mkwe kaanguka! Damu! Mimi siwezi, unanijua mimi siwezi!"

Basi turudi uani.

"Sikuruhusu," Bi Gulandom alikuwa amesema.

Savrimo akabaki amepiga goti. Sheria aliijua. Mwenye fahamu akikataa, amekataa. Fomu inayo hata mstari wake: *amekataa huduma, sahihi.* Akautazama mguu. Damu haikuwa inaruka. Ilikuwa inatambaa, nzito, haikomi. Mtu wa umri ule, mwembamba vile, kwenye baridi ile, hakuwa na ya kupoteza sana.

"Sawa, mama. Sikugusi. Naweza kukaa hapa?"

"Uani ni pa Mungu."

"Ukikataa yapasa utie sahihi."

"Kwa mkono upi? Hii yote miwili imeshika mguu."

Mehrofza, aliyekuwa amegeukia ukuta, akatoa kicheko kilichokatika katikati kikawa kilio.

"Mehrofza," Savrimo akasema, "njoo. Usiangalie damu, niangalie mimi usoni. Chukua hiki kitambaa. Mama, Mehrofza je? Anaruhusiwa?"

"Huyo ni mkaza mwana wangu. Aruhusiwe na nani?"

"Kiweke hapo. Kandamiza. Zaidi. Kandamiza kama unazuia unga kufura, usilegeze. Niangalie mimi."

Mehrofza alikandamiza, macho kwenye uso wa Savrimo. Savrimo akasogeza mikono yake hewani bila kugusa, akimwonyesha, kama mtu anayefundisha kufuma. Akachomoa blanketi, akamrushia Mehrofza amfunike mabega mama. Akatoa redio begini, akaita. Sauti ile ile ikajibu.

"Shorvdara. Leo si Jumapili."

"Mwanamke, miaka sitini na minane, ameanguka kutoka paani, jeraha la mguu, damu nyingi. Ana fahamu. Naomba gari la zahanati."

"Lilikuwa linapanda kijiji cha chini. Barabara ilifunguliwa jana. Nusu saa, labda zaidi."

Kitambaa cha kwanza kilikuwa kimeshalowa. Savrimo akarusha cha pili, kiwekwe juu ya cha kwanza. Mikono ya Mehrofza ilikuwa imeanza kulegea, naye amepauka kama unga wa forosadi kavu.

"Nazimia," akasema.

"Huzimii. Nihesabie mbuzi wako."

"Saba. Wanane na yule kilema."

"Mama," Savrimo akasema, "Mehrofza hataweza mpaka nusu saa. Hapa panataka mkanda wa kukaza, juu ya goti, na mtu anayejua kuukaza. Utauma sana. Nakuomba tena."

Bi Gulandom alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa ya buluu kidogo. Savrimo aliyatazama yale makope, na wazo likamjia, nalo halikuwa zuri: bado kidogo atapoteza fahamu, na asiye na fahamu anahesabiwa amekubali. Kilichokuwa kimebaki ni kungoja. Aliwahi kungoja hivyo siku ya jabali, na saa mkononi.

Macho yakafumbuka.

"Wale waliokufunza," Bi Gulandom akasema polepole, "walikwambia uombe ruhusa?"

"Walituambia, mama."

"Kabla ya kumshika mtu."

"Kabla ya kumshika mtu."

"Basi siku ile mbona hukuniomba?"

Miaka miwili Savrimo alikuwa amejitayarisha kwa swali. Usiku na mchana, akiwa na yule mwanasesere, alipanga majibu: ufa, jua, vijiwe, watu arobaini kwenye kijia cha upana wa punda. Kila jibu lilikuwa la swali la *kwa nini ulimwacha afe*.

"Kweli," akasema. "Sikukuomba."

"Niombe."

"Nikuombe..."

"Ya siku ile. Niombe sasa."

"Mama, damu inatoka," Mehrofza akalia.

"Nyamaza wewe, kandamiza. Anajua anachoambiwa."

Savrimo akasogea kwa magoti hatua moja.

"Mama Gulandom. Naitwa Savrimo. Imomnazar yuko chini ya jabali. Anakuita. Mawe bado yanadondoka. Naruhusiwa nikushike, usiende?"

"Hapana."

"Najua, mama."

"Ningekataa. Hata ungeniomba mara mia."

"Najua."

"Nilikuuma?"

Savrimo akavuta mkono wa koti. Juu ya glavu, karibu na kiwiko, kulikuwa na alama mbili za mwezi mwandamo, nyeupe.

Bi Gulandom akazitazama muda mrefu. "Na bado ungenishika," akasema.

Hapo angeweza kusema jambo lolote. Fahamu za mgonjwa zilikuwa zinamponyoka, na mtu anayetaka ruhusa husema linalompatia ruhusa. Lakini usimpe mtu ahadi usiyoweza kuitimiza. Alilipigia mstari hilo nalo.

"Ningekushika," akasema.

Paani fungu la theluji likateleza, likaanguka upande wa pili wa ua, puu. Wote watatu wakainua macho. Halikufuata jingine.

"Haya," Bi Gulandom akasema. "Shika mguu. Mguu tu."

Sitakusimulia kila mzunguko. Savrimo alipitisha mkanda juu ya goti, akavuta, akazungusha kijiti chake mara moja, mara ya pili, mama akapiga ukelele uliomwamsha mbwa, mara ya tatu, na damu ikasimama. Akaandika saa juu ya mkanda kwa kalamu: saa nne na dakika ishirini na tano. Mehrofza aliambiwa, "Sasa unaweza," naye akazimia kwa adabu, pembeni, asimsumbue mtu. Savrimo akakunjua machela aliyoitoa begini, akamlaza Bi Gulandom juu yake, akamfunga jeraha, akamfunika blanketi la pili, akamfunika kichwa kwa shali yake mwenyewe. Kila alipotaka kumgusa mahali papya aliuliza. "Nikuinue kichwa?" "Inua." "Nikushike kiuno?" "Shika, usibinye."

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja, naye akakaa pale kwenye theluji, vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wa yule mama, kwa ruhusa, akihesabu. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuhesabu mapigo kwa uangalifu ule. Alikuwa ndani ya glavu, kweli, lakini joto lilipita.

"Yule mwanasesere," Bi Gulandom akasema, macho kafumba. "Wanasema unalala naye."

"Anakaa upande wa pili wa nguzo."

"Afadhali. Hana hata mkono wa kukufunika blanketi."

Savrimo hakujua kama alikuwa anaruhusiwa kucheka, akameza.

Gari la zahanati lilifika likinguruma, minyororo magurudumuni. Akashuka nesi Hokimbek, mwanamume mrefu mwenye ndevu zenye barafu, na Savrimo akasimama wima, akakabidhi kama alivyofunzwa: jina, umri, alivyoanguka, mkanda saa nne na dakika ishirini na tano, mapigo mia na kumi, fahamu hajapoteza, hajala tangu chai. Hokimbek akaitikia kwa kichwa kila neno.

"Nani alikaza mkanda?"

"Mimi."

"Umekaza vizuri. Sasa ni wangu."

Na Savrimo akarudi nyuma hatua mbili, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Majirani walikuwa wamejaa langoni, Davlatmir mbele. Wanaume wanne wakainua machela. Mehrofza, aliyezinduka na kuvalishwa viatu vya mtu, akapanda nyuma ya gari kushika kichwa cha mama mkwe. Machela ikasukumwa ndani, ikakwama, ikasukumwa tena. Hapo ndipo mkono wa kulia wa Bi Gulandom ulipotoka chini ya blanketi.

Ulitoka mpaka kwenye kiwiko, ukanyooka nje ya gari, kiganja chini, vidole vimelegea, kama unavyonyooka mkono wa mtu anayeamkia. Upande ule alikuwa amesimama Savrimo. Upande ule ule, sentimita kumi kutoka kwenye vidole, kulikuwa na kishikio cha chuma cha mlango, na gari lilikuwa limeinama.

Savrimo aliuona. Akatazama mikono yake. Glavu zilikuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo. Na glavu zenye damu hazivuliwi ovyo: unabana ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo, unaivua kwa kuigeuza ndani nje, unaifumbata, kisha unapitisha kidole kisafi chini ya ya pili, unaigeuza nayo, ya kwanza ikiwa ndani yake. Mikono yake ilianza yenyewe. Aliivua ya kwanza. Aliivua ya pili. Aliziweka kwenye mfuko, akafunga mfuko. Aliponyoosha mkono mtupu, mlango ulikuwa umeshapigwa, na minyororo ilikuwa inasaga theluji kuelekea mtoni.

Alibaki pale, mkono mbele, baridi ikianza kumuuma vidoleni. Watu langoni walikuwa wanamtazama. Davlatmir alikohoa, akatazama viatu vyake, akawaambia watu kuna theluji paani haijaisha.

Jioni aliandika fomu. Jina, umri, saa, jeraha, mkanda. Chini kabisa, mbele ya maneno *amekataa huduma*, kalamu ilisimama, kisha akaandika: *kwa kitambo.* Akachemsha chai. Akamimina bakuli moja, akakaa nalo mpaka likapoa, akiutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya goti.

Walikuwepo watu ishirini langoni, na mpaka sasa hawajapatana. Nusu wanasema mgonjwa alikuwa anatafuta pa kujishikilia asianguke, basi. Nusu wanasema mbona hakukishika kishikio, na kilikuwa karibu kuliko Savrimo? Mehrofza aliyekuwa ndani anasema mama mkwe alikuwa amefumba macho. Wewe uliyesikia yote, ya jabali na ya uani, unadhani ule mkono ulikuwa unamtafuta nani?